Jinsi ya Kuvaa Uonekane Mtu Mjini Roma

Tuseme umeamua kuhamia Roma, mwaka wa 90 hivi baada ya Kristo, Kaisari Domitianus akiwa madarakani. Hongera. Utaishi na watu wapatao milioni moja, na hakuna hata mmoja atakayekuomba kitambulisho. Watakutazama tu, kuanzia mabegani hadi vidoleni, na kabla hujamaliza kutoa salamu watakuwa wameshajua kama wakupishe njia, wakukopeshe au wakutume maji.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu asiyetaka kutumwa maji. Fuata hatua zake kwa mpangilio. Ukifilisika njiani, usituletee lawama; wenyeji wenyewe wanafilisika kila siku.

HATUA YA 1: PATA TOGA, KISHA PATA MTU WA KUKUVIKA

Toga ni shuka la sufu nyeupe lililokatwa nusu duara. Halina kifungo, halina pini, halina mkanda. Urefu wake ni mita 5 na zaidi. Unganisha doti mbili za kanga kwa urefu ndipo ulikaribie. Unalitupia bega la kushoto, unalizungusha mgongoni, unalipitisha chini ya kwapa la kulia, kisha unalirudisha tena bega la kushoto, na marinda yanapangwa kifuani moja baada ya jingine. Mkono wa kushoto unabaki umekunjwa kutwa nzima, na kazi yake ni moja tu: kuzuia shuka lisianguke.

Hapo utauliza: sasa mtu atafanyaje kazi akiwa amefungwa namna hiyo? Ndugu yangu, umeshaielewa toga. Hafanyi. Toga inatangaza kwamba mvaaji ana watu wa kumfanyia kazi, na wa kwanza kati yao ni huyo aliyemvika. Katika nyumba zenye uwezo, marinda hupangwa tangu siku iliyotangulia na mtumwa aliyefundishwa kazi hiyo.

Ukishavikwa, jifunze kusimama. Quintilianus, mwalimu mkubwa wa ufasaha wa siku hizi, ameona jambo hili lina uzito wa kutosha kuliandikia maelekezo kwenye kitabu chake cha kufundishia mawakili: mkunjo wa kifuani ukae wapi, shuka lishuke hadi wapi kwenye muundi, na pete zisizidi kiasi. Anaruhusu jambo moja la huruma. Hotuba ikikaribia kwisha, toga inaweza kulegea na jasho likatoka, maana hapo mahakimu wataona umepigania haki ya mteja wako kwa moyo wote. Hata kuvurugika kuna wakati wake.

Ukitaka kujua marinda yanaweza kumfikisha mtu wapi, muulizie Hortensius, wakili maarufu wa zama za mwanasiasa Cicero. Huyu alikuwa akijipanga toga mbele ya kioo. Siku moja mwenzake alimgusa kwa bahati mbaya kwenye njia nyembamba, mikunjo ikahama kidogo begani. Hortensius alimfungulia mashtaka ya kumvunjia heshima.

Angalizo la kisheria: toga ni ya raia wa Roma peke yao. Mgeni haruhusiwi, na raia akihukumiwa kwenda uhamishoni anaiacha. Kaisari Claudius aliwahi kuletewa mtu aliyetuhumiwa kujipa uraia usio wake, mawakili wakaanza kubishana kama mshtakiwa asimame akiwa na toga au akiwa na vazi la Kigiriki. Claudius akaamua kwa busara: upande wa mashtaka ukizungumza, avae la Kigiriki, upande wa utetezi ukizungumza, avae toga. Mwandishi Suetonius, anayetusimulia kisa hicho, hasemi ni nani aliyekuwa akimkunjia marinda kila mara.

Sasa siri ya mji: karibu kila mtu anaichukia toga. Ni nzito, ina joto, inachafuka haraka. Mshairi Juvenalis anadai kwamba sehemu kubwa ya Italia hakuna anayeivaa mpaka afe, azikwe nayo. Kaisari Augustus mwenyewe alipokuta umati wa raia wamejifunika makoti meusi mkutanoni alihamaki, akawanukulia mshairi Virgilius, kisha akawaagiza maofisa wa mji wasimruhusu mtu kukaa Forumu, uwanja mkuu wa mji, bila toga.

Wanaoivaa kila siku ni wale wasio na hiari, yaani machawa. Alfajiri, giza bado, utawaona wanapanda vilima vya Roma na toga zao zilizochakaa, wakiwahi kwenye mlango wa bwana mkubwa kumwamkia. Malipo ya kawaida ya heshima hiyo ni kwadransi 100, sawa na sesterti 6 na robo. Mshairi Martialis ameifanya kazi hiyo miaka mingi, na amelalamika kwa mashairi mengi. Kwa hiyo ukimwona mtu ana toga saa kumi na mbili asubuhi, usimwonee wivu. Mkubwa ni yule ambaye bado yuko kitandani.

HATUA YA 2: CHUNGA UPANA WA MSTARI WAKO

Chini ya toga kuna tunika, kijikanzu cha mikono mifupi kinachofungwa mkanda. Quintilianus anataka kishuke kidogo chini ya magoti kwa mbele. Kikizidi hapo, umevaa kama mwanamke. Kikipungua, umevaa kama jemadari wa kikosi. Sentimita chache tu zinakutenganisha na aibu za aina mbili.

Lakini macho ya watu hayatazami urefu. Yanatazama mistari miwili ya zambarau inayoshuka kutoka mabegani. Mistari mipana ni ya Maseneta, na ili uwe Seneta mali yako isipungue sesterti 1,000,000. Mistari myembamba ni ya tabaka la wapanda farasi, ambalo kiingilio chake ni sesterti 400,000. Kwa kukusaidia kupanga bajeti: askari wa kawaida wa jeshi, hata baada ya Domitianus kumwongezea mshahara, anapata sesterti 1,200 kwa mwaka. Akiweka akiba yote, asile, asinywe, atafikia mistari myembamba baada ya miaka 333.

Wapo wanaotafuta njia ya mkato. Kwenye thieta zimetengwa safu 14 kwa ajili ya wapanda farasi tangu sheria ya mwaka 67 KK, na kila palipo na viti vya heshima pana wavamizi. Martialis anamchora mmoja, Phasis, aliyekaa kwenye safu hizo amemetameta kwa joho la zambarau, akimsifu Kaisari kwa sauti kubwa: hatimaye tabaka letu limerudishiwa heshima, hatusongwi tena na watu wa hovyo! Sifa zikiwa bado mdomoni, mpanga viti akafika na kuliamuru joho hilo liondoke. Wahenga walishasema, nguo ya kuazima haisitiri matako.

Swali linaloulizwa mara nyingi: je, ninaweza kuvunja kanuni kidogo kwa ajili ya mtindo? Inategemea utafika wapi. Julius Caesar alivaa tunika ya Seneta iliyoongezwa mikono mirefu yenye nyuzi za kuning'inia, na mkanda akaulegeza. Dikteta Sulla aliwaonya wakubwa wenzake wajihadhari na kijana huyo asiyejifunga vizuri. Hawakujihadhari, na kijana akaishia kuwatawala wote. Ukiwa na uhakika wa kutawala dunia, legeza mkanda. Vinginevyo, kaza.

HATUA YA 3: VIATU NA PETE

Toga huendana na viatu vya ngozi vilivyofunika mguu na kufungwa kwa kamba. Maseneta wana vyao, na koo za kale zaidi huongeza kipambo cha mwezi mchanga wa pembe ya ndovu. Ndala ni za ndani. Usizidharau ndala: Cicero alipomshtaki Verres mwaka 70 KK kwa kukikomba kisiwa cha Sicilia alichopewa kukitawala, hakusahau kutaja kwamba gavana huyo alisimama ufukweni na ndala, vazi la Kigiriki la zambarau na tunika ya kufika vifundoni, amemwegemea mwanamke. Wizi ulikuwa kosa, lakini ndala ndizo zilizomaliza mjadala.

Pete ya dhahabu ni ya mpanda farasi na waliomzidi. Wengine wana chuma. Mtumwa aliyeachiwa huru akatajirika ana tatizo gumu hapa: fedha anazo, haki hana. Mwandishi Petronius, katika hadithi yake ya tajiri Trimalchio, ametoa suluhisho. Trimalchio amevaa kidoleni pete iliyopakwa dhahabu, na kidole kingine ana ya dhahabu yenyewe, ila imetiwa nyota ndogondogo za chuma. Mkaguzi akija, ataonyeshwa chuma. Mgeni akija, ataiona dhahabu. Shingoni kajifunga kitambaa cha mezani chenye mstari mpana wa zambarau, na hakuna sheria inayokataza kitambaa kuwa Seneta.

Pete ina faida nyingine. Martialis anamsimulia mtanashati mmoja anayetembea taratibu mjini kwa joho la zambarau, machawa nyuma yake, kiti chake cha kubebwa kina pazia jipya. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameweka pete rehani kwa sarafu nane, apate cha kula jioni.

HATUA YA 4: ZAMBARAU, KWA TAHADHARI

Sasa tumefika kwenye rangi yenyewe. Zambarau ya kweli, ile ya Tiro huko Lebanon, inatoka kwenye tezi ya konokono wa baharini. Mwaka 1909 mwanakemia Paul Friedländer alijaribu kuipata kwa mikono yake: konokono 12,000 walimpa gramu 1.4 za rangi. Hapo ndipo utaelewa kwa nini mwandishi Plinius Mzee anaandika kwamba kuna wakati ratili moja ya sufu iliyochovywa mara mbili haikupatikana hata kwa dinari 1,000, yaani sesterti 4,000. Kwa askari wetu, hiyo ni mishahara ya zaidi ya miaka mitatu.

Tena inanuka. Konokono wanaloekwa na kuchemshwa kwa siku kadhaa, na harufu yao haiiachi sufu. Mtu wa kawaida angeona ni kasoro. Mroma wa maana anaona ni ushahidi: hata kipofu atajua umepita.

Hatari ni kuivaa mbele ya mtu asiyefaa. Kaisari Nero alipiga marufuku zambarau ya Tiro, kisha akamtuma mtu wake sokoni kuuza wakia chache kwa siri, na waliokuwa wakifanya biashara hiyo wakafungiwa maduka yao. Akiwa jukwaani anaimba alimwona mwanamke wa heshima amevaa rangi iliyokatazwa. Mwanamke huyo alitolewa nje, akavuliwa nguo na mali. Kabla yake, Kaisari Caligula alimwalika Roma Ptolemy, mfalme wa Mauretania kaskazini mwa Afrika, mjukuu wa Cleopatra. Kwa maelezo ya Suetonius, mgeni aliingia kwenye maonyesho na joho la zambarau lililong'aa kiasi cha kugeuza macho ya watu wote. Caligula aliagiza auawe. Kwa hiyo, ukialikwa na mkubwa wako, vaa vizuri, ila usimzidi.

Kama mfuko hauruhusu, zipo zambarau za kuigiza zinazopikwa kwa mizizi na majani. Kwa mbali zinapita. Usisimame karibu na tajiri wa kweli, na usinyeshewe.

HATUA YA 5: MHESHIMU DOBI

Sufu nyeupe haifichi uchafu, na Roma ina vumbi, moshi na matope ya kutosha. Mwokozi wako ni dobi. Anachotumia ni mkojo. Unakusanywa, unaachwa ukolee, kisha nguo zinatumbukizwa humo na kukanyagwa kwa miguu; wafanyakazi wakiwa kwenye mabeseni yao wamechorwa ukutani kule Pompeii. Baadaye nguo inafukizwa moshi wa salfa na kusuguliwa udongo mweupe. Vespasianus, babake Domitianus, aliutoza kodi mkojo wa vyoo vya umma. Mwanawe Titus alipolalamika, mzee alimsogezea puani sarafu ya mapato ya kwanza na kumuuliza kama inanuka.

Anayemtegemea dobi kuliko wote ni mgombea. Ukitaka kura, toga nyeupe haitoshi. Inapakwa chaki ing'ae zaidi, upate kuonekana upande wa pili wa Forumu. Ujanja huo ni wa siku nyingi: mwanahistoria Livius anaandika kwamba mwaka 432 KK ilitungwa sheria ya kuwakataza wagombea kuongeza weupe kwenye nguo zao. Unaweza kukadiria ilivyoheshimiwa, kwa kuwa karne tano baadaye chaki bado inauzwa. Basi ukimwona mheshimiwa ameinua pua, anang'aa kwa usafi wa nia, kumbuka yaliyomng'arisha yametoka kwenye vibofu vya wapita njia.

HATUA YA 6: KAMA WEWE NI MWANAMKE

Usivae toga. Iliyo fahari kwa mumeo, kwako ni alama ya kahaba. Mke wa heshima anavaa stola, gauni refu linaloburura juu ya tunika, na mtandio mkubwa wa kujifunika kichwa akitoka. Maana yake ni kwamba yeye ni mke wa mtu fulani, basi wengine waangalie mbele.

Kuhusu mapambo, tegemea wanaume kukutungia sheria. Mwaka 215 KK, baada ya Hannibal, jemadari wa Karthago, kuwachinja Waroma kule Cannae, sheria ya Oppius iliwakataza wanawake kumiliki zaidi ya nusu wakia ya dhahabu na kuvaa nguo za rangi nyingi. Vita ikaisha, sheria ikabaki. Mwaka 195 KK wanawake walijaa barabarani, wakaziba njia za kwenda Forumu, wakamkabili kila mwanamume aliyepita. Seneta Cato alihutubia kwa uchungu kwamba ukiwapa hili watataka usawa, na wakishakuwa sawa watakuwa juu. Sheria ikafutwa hata hivyo. Somo: njia ya uhakika ya kupata gauni la rangi ni kufunga barabara.

Hariri inahitaji moyo mkuu zaidi. Inatoka mbali mno, na mwanafalsafa Seneca anasema kwa nguo hizo mwanamke hawezi kuapa kwa dhamiri njema kwamba hayuko uchi. Wanaume nao waliipenda. Mwaka 16 baada ya Kristo Seneti ikawakataza isiwavunjie hadhi. Plinius anahesabu sesterti milioni 100 zinazokwenda kila mwaka India, China na Arabia, na anajua wa kuwalaumu: wanawake.

HATUA YA 7: KARAMUNI

Huwezi kula ukiwa umelala ubavu na toga mwilini. Karamu ina vazi lake jepesi la rangi rangi, na hapa hakuna sheria ya upana wala mistari, kwa hiyo watu hujiachia. Bwana mmoja, Zoilus wa kwenye mashairi ya Martialis, aliinuka mara 11 katika chakula kimoja na kubadili nguo mara 11, eti jasho lisikae kwenye nguo iliyolowa. Martialis, aliyekuwa na vazi moja, anasema hakutoka jasho hata kidogo.

Ukisikia Saturnalia, mwezi Desemba, hata Maseneta wanavaa hivyo barabarani na kuweka kichwani kofia ya mtumwa aliyeachiwa huru. Usizoee. Sikukuu ikiisha kila mtu anarudi kwenye kitambaa chake.

EPUKA HAYA

Suruali: ni vazi la washenzi wa kaskazini. Caesar alipowaingiza Wagalia kwenye Seneti, mji mzima uliimba kwamba wamevua suruali na kuvaa mistari mipana. Miaka 300 baada yako, kaisari mmoja atazipiga marufuku kabisa mjini Roma, wakati huo jeshi lake lenyewe likiwa limejaa wavaa suruali.

Rangi nyeusi kwenye maonyesho: ni ya mfiwa, au ya maskini, na wote wawili hukaa nyuma.

Kumwiga Augustus: alivaa nguo zilizofumwa nyumbani na mkewe, dada yake na bintiye, na viatu vya soli nene aonekane mrefu. Yeye aliweza. Dunia nzima ilikuwa yake, hakuwa na wa kumshangaza.

MWISHO: VAZI WALILOLIOGOPA

Utakuwa umegundua kwamba mji huu umempa alama kila mtu: Seneta, mpanda farasi, mgombea, mke, kahaba, mfiwa, mtoto. Umemsahau mmoja tu. Mtumwa hana vazi lake. Anavaa tunika ya sufu isiyotiwa rangi, ileile anayovaa raia fukara, na sokoni huwezi kuwatofautisha.

Hawakusahau. Seneca anasimulia kwamba siku moja Seneti ilipendekeza watumwa wavalishwe nguo ya kuwatambulisha. Wazo lilipendeza mpaka wakaiona hatari yake: ingekuwaje watumwa wakianza kutuhesabu? Hoja ikaondolewa. Watu waliokuwa tayari kushtakiana kwa ajili ya rinda moja, na kulipa mishahara ya miaka kwa ratili ya zambarau, waliikataa sare moja, kwa sababu ndiyo pekee ambayo ingesema kweli kuhusu mji wao.

Kwa hiyo vaa utakavyoweza, lipa utakavyoweza. Ila ukikutana na mtu wa tunika isiyo na mistari, usimtume maji kabla hujauliza. Hata Seneti ya Roma haikuthubutu kumwandika nguoni yeye ni nani.